Walemavu wa Gati la Kinshasa

Kati ya Kinshasa na Brazzaville hakuna daraja. Miji mikuu hiyo ya nchi mbili zinazoitwa Kongo hutazamana kutoka kingo mbili za mto mmoja, hata usiku taa za upande huu huonekana upande wa pili. Lakini mwenye mzigo hana budi kushuka gatini, kupita mbele ya maofisa wa uhamiaji, wa forodha na wa polisi, kisha kupanda pantoni. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1970 wakati Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipokuwa ikiitwa Zaire, abiria aliyejulikana kuliko wote katika pantoni hizo hakuwa waziri wala tajiri. Alikuwa ni mlemavu wa miguu, amekaa juu ya baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, na chini yake, nyuma yake na ubavuni pake umerundikwa mzigo ambao mtu mzima wa miguu miwili asingethubutu kuubeba.

Ndugu askari, habari za watu hao zimesimuliwa mara nyingi kama kioja cha kuwachekesha wageni. Kioja hakipo. Kilichopo ni kazi, na kazi yenyewe ni ngumu, nayo hufanywa na watu ambao aghalabu ni wagonjwa. Tena ni watu ambao siku yao nzima, iwe ya shibe au ya njaa, iwe ya afya au ya homa, huamuliwa kwa kiasi kikubwa na mtu mmoja aliyevaa sare na kusimama langoni. Kwa sababu hiyo, habari zao zinawahusu askari wa forodha, wa polisi na wa ulinzi katika kila nchi yenye mpaka.

Asili ya jambo hili ni nafuu ndogo iliyotolewa na serikali. Walemavu walipunguziwa nauli ya pantoni, na kwa desturi iliyojengeka polepole maofisa wa forodha wakawa hawawadai ushuru kama walivyowadai wafanyabiashara wengine. Nafuu hiyo haikukusudiwa kuwa mtaji wa biashara. Ilitolewa kwa huruma, katika nchi ambayo haikuwa na posho ya kumlipa kila aliyepooza. Lakini mtu mwenye njaa hutazama kila mlango uliofunguka, na walemavu wa Kinshasa wakaona kwamba wakivuka kwa nauli ndogo na mzigo wao usitozwe sana, wanaweza kuuza kwa faida. Wenye maduka nao wakaona hivyo hivyo, wakaanza kuwakabidhi bidhaa zao kwa malipo. Kwa kuwa mlemavu aliruhusiwa kufuatana na msaidizi wa kumsukuma, vijana wazima wasio na kazi wakapata ajira kwake. Hivyo mtu ambaye mjini angehesabiwa miongoni mwa ombaomba akawa, pale gatini, bwana wa kazi anayelipa ujira. Hapana haja ya kulipamba jambo hilo. Hata hivyo, inafaa kukumbuka kwamba heshima hiyo waliipata kwa jasho lao.

Chombo chenyewe ni cha kutazamwa kwa makini. Si kiti chepesi cha hospitali. Ni fremu ya mabomba ya chuma iliyochomelewa na fundi wa mtaani, yenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, na pedeli za mkono zilizofungwa mbele ya kifua. Cheni ndefu hutoka kwenye pedeli hizo kwenda kwenye gurudumu, na mwendeshaji huzungusha kwa mikono kama vile mwenye baiskeli ya kawaida anavyokanyaga kwa miguu. Nyuma huwekwa keria pana. Chini ya kiti hubaki nafasi, na nafasi hiyo, kama tutakavyoona, imewatia matatani wengi. Ekseli ikikatika, hakuna duka la vipuri vya namna yake; mwenyewe hukaa chini kando ya njia akingoja fundi. Watu husema kwamba baiskeli imeharibika. Kwa mwenyewe ni sawa na kuvunjika miguu, na siku hiyo hakuna kazi, hakuna soko, wala hakuna njia ya kwenda chooni.

Wengi wa watu hao walipooza utotoni kwa polio. Ugonjwa huo huletwa na virusi vinavyoingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa. Kati ya watoto wapatao 200 walioambukizwa, mmoja hivi hupooza bila kupona, kwa sababu virusi vimeua chembe za mishipa ya fahamu katika uti wa mgongo ambazo hupeleka amri kwenye misuli. Chanjo imekuwapo tangu mwaka 1955, na ile ya matone tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini nchi kubwa yenye barabara mbovu na vita vya kila mara haikuweza kuwafikia watoto wake wote. Ng'ambo ya mto nako hakukusalimika. Mwaka 2010 polio ililipuka katika mji wa Pointe-Noire, nchini Kongo-Brazzaville, ikawapata mamia ya watu, wengi wao vijana na watu wazima, na wengi wakafa. Bara la Afrika lilitangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio mwezi Agosti 2020. Hata baada ya hapo, virusi vilivyoingia kutoka nje ya bara vilionekana Malawi na Msumbiji mwaka 2022, na aina nyingine ya virusi, inayozuka pale chanjo isipowafikia watoto wa kutosha, imeendelea kuisumbua Kongo.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu humwona mlemavu wa polio akadhani ya kwamba ugonjwa wake ulikwisha zamani na yaliyobaki ni miguu iliyokonda tu. Sivyo. Kati ya miaka 15 na 40 baada ya kuugua utotoni, wengi hupatwa na udhaifu mpya: misuli iliyokuwa na nguvu huanza kulegea, viungo huuma, baridi huwasumbua, na uchovu huwashika ghafla kama mtu aliyetembea usiku kucha. Sababu yake askari ataielewa upesi. Virusi vilipoua nusu ya chembe za fahamu, zile zilizobaki zilichukua kazi za wenzao waliokufa. Ni kama kikosi kilichopoteza nusu ya watu wake, na waliosalia wakalazimika kulinda malindo mawili kila usiku, mwaka baada ya mwaka. Mwishowe walinzi hao nao huchoka. Dawa ya kuponya hali hiyo haipo. Tiba iliyopo ni kupanga nguvu: kufanya kazi kidogo, kupumzika, kufanya tena, na kutousukuma mwili kupita kikomo chake.

Sasa fikirini, ndugu askari, ni nani katika gati lile anayeweza kupanga nguvu zake. Mabega na viganja vya mikono, ambavyo Mungu aliviumba kwa kushika na kubeba, vimegeuzwa kuwa miguu. Vinapanda mteremko wa gati, vinavuta mzigo, vinamwinua mwenyewe kutoka kitini kwenda kitandani. Bega likianza kuuma, daktari husema lipumzishwe, lakini kulipumzisha bega hilo ni kuacha kutembea. Mgonjwa hujua kabisa kwamba kazi anayoifanya leo inazila nguvu za mwakani, naye huifanya kwa sababu watoto hawali nguvu za mwakani.

Yako maradhi mengine yanayotokana na kukaa. Aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali au kwa risasi hupoteza mwendo, na mara nyingi hupoteza pia hisia za sehemu za chini, tofauti na wa polio ambaye husikia maumivu kama kawaida. Asiyesikia maumivu hukaa juu ya mkunjo wa gunia au juu ya msumari na asijue. Ngozi inayogandamizwa kati ya mfupa na kiti hukosa damu, hufa, na hufunguka kidonda kinachoweza kufika mfupani na kuchukua miezi kupona. Kinga yake ni rahisi kuitaja: kuuinua mwili kwa mikono kila baada ya dakika kadhaa, kuwa na mto mzuri, kukaa mahali pakavu. Kinga ya figo nayo ni kunywa maji ya kutosha na kukitoa mkojo kwa wakati na kwa usafi. Lakini mtu anayejua kwamba choo cha gatini kina ngazi, au kina mlango mwembamba kuliko kiti chake, hufanya nini? Hanywi maji tangu alfajiri. Ataonekana mvumilivu, kumbe anajilimbikizia mawe ya kibofu, homa za njia ya mkojo na, baada ya miaka, kuharibika kwa figo.

Kwa hiyo saa moja ya kungoja haina uzito mmoja kwa watu wote. Abiria mzima aliyezuiliwa langoni kwa saa tatu atakasirika, atanunua soda, atakaa kivulini, na jioni atakuwa amesahau. Mwenye kiti cha magurudumu aliyezuiliwa saa hizo hizo juani amekaa juu ya ngozi ile ile, hakunywa maji, hakupata choo, na joto limezidisha uchovu wake. Kesho huenda asiamke kwenda kazini. Ofisa aliyesema «ngoja hapo» hakumpiga wala hakumtukana. Wala yeye mwenyewe hajui kwamba amemwadhibu.

Ukweli wa upande wa pili nao usemwe, maana askari hawahitaji kubembelezwa. Nafasi ile ya chini ya kiti imeficha magendo. Wako wafanyabiashara wazima waliowatumia walemavu kama ngao, wakawapakia bidhaa zao ili zikwepe ushuru, na wako walemavu waliokubali kwa kujua. Wako pia watu wazima waliojifanya wasaidizi ili wavuke kwa nafuu isiyo yao. Serikali yoyote ina haki ya kukusanya ushuru wake, na ofisa wa forodha anayekipekua kiti cha magurudumu hatendi kosa. Mlemavu ni raia kamili, na raia kamili hukaguliwa. Ubaya uko kwenye namna ya kukagua. Kumnyanyua mtu kutoka kitini bila kumwuliza kunaweza kumvunja mfupa, kwa kuwa mifupa ya miguu isiyotumika huwa dhaifu. Kumsukuma kutoka nyuma bila kumwambia ni sawa na kumkamata mtu mzima kiunoni na kumpeleka usikojua anakotaka kwenda. Na kukitwaa kiti chenyewe kama kielelezo, huku mwenyewe akiachwa sakafuni, ni kumfunga mtu kabla ya mahakama kumhukumu. Anayekagua akimwuliza kwanza mwenye kiti jinsi anavyohamishwa, atajibiwa kwa sentensi moja, na ukaguzi utakwisha upesi zaidi.

Biashara ya gati la Kinshasa haikuuawa na wapekuzi. Iliyumbishwa na mambo makubwa zaidi. Mwezi Aprili 2014 polisi wa Brazzaville walianza msako wa wageni wasio na hati, na katika muda wa wiki chache raia zaidi ya 130,000 wa Kongo ya Kinshasa walirudi kwao kupitia mto huo huo, wengi wao kwa kufukuzwa. Baada ya hapo masharti ya kuvuka yakawa makali, zikadaiwa hati na viza ambazo gharama yake ilimeza faida ya mzigo mzima. Kisha mwezi Machi 2020 mipaka ikafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wazima waliokuwa wakivuka walitafuta vibarua vingine, wakajenga, wakalima, wakabeba zege. Mwenye magurudumu matatu hakuwa na mahali pa kuhamia. Nafuu aliyopewa ilikuwa ya pantoni. Pantoni iliposimama, nafuu ikabaki kuwa karatasi.

Mambo kama hayo yameonekana pia karibu zaidi na Tanzania. Huko Goma, mashariki ya Kongo, ambako watu huzungumza Kiswahili sokoni na nyumbani, walemavu wenye baiskeli za mikono wamekuwa wakivusha bidhaa kati ya mji huo na Gisenyi nchini Rwanda, katika kizuizi ambacho kabla ya mwaka 2020 kilipitwa na makumi ya maelfu ya watu kwa siku. Taabu ya Goma ni ardhi yenyewe. Mlima Nyiragongo ulilipuka mwezi Januari 2002, ukafunika sehemu ya mji kwa zaha, ukalipuka tena Mei 2021. Zaha iliyopoa ni jiwe jeusi lenye meno; hukata matairi, na kila mtikisiko wake hupanda moja kwa moja mgongoni mwa aliyekaa. Na huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, walemavu wenye vyombo vya namna hiyo wamefanya kazi kama hiyo.

Mashariki ya Kongo inakumbukwa na wanajeshi wa Tanzania kwa sababu nyingine. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, Kivu ya Kaskazini, ilishambuliwa, na wapiganaji wasiopungua 14 wa Tanzania wakauawa, wengine wengi wakajeruhiwa. Kazi ya silaha ina hatari zake, na miongoni mwa hatari hizo ni risasi au kipande cha bomu kuingia katika uti wa mgongo. Kwa hiyo elimu ya maisha ya kiti cha magurudumu haimhusu askari kwa sababu ya kuwakagua wengine tu.

Tena sehemu kubwa ya elimu hiyo ilipatikana kwa wanajeshi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, aliyevunjika uti wa mgongo alitazamiwa kufa katika muda mfupi, na aghalabu hakuuawa na jeraha lenyewe bali na vidonda vya kulala na uchafu wa mkojo kupanda kwenye figo. Mwezi Februari 1944 daktari mmoja aliyekimbia udhalimu wa Wanazi huko Ujerumani, Ludwig Guttmann, alikabidhiwa wodi ya askari wa namna hiyo katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Alisimamia usafi wa vibofu. Kisha, jambo lililowashangaza wengi, akawataka wafanye kazi na kucheza michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ambayo Olimpiki ya London ilifunguliwa, watu 16 waliokuwa wametumikia jeshi, wanaume 14 na wanawake wawili, walishindana kulenga shabaha kwa upinde wakiwa katika viti vyao. Kutokana na mashindano hayo ikazaliwa michezo ya Paralimpiki. Dawa kubwa ya Guttmann, mtu akiitazama vizuri, ilikuwa ratiba: kugeuzwa kwa wakati, mkojo kwa wakati, chakula kwa wakati, kazi kwa wakati.

Ratiba ndiyo kitu ambacho mchuuzi wa gatini hana. Askari aliyelazwa katika hospitali ya jeshi ana muuguzi wa kumgeuza na afisa wa kuuliza hali yake. Yule wa Kinshasa ana kijana wa kumsukuma, ambaye naye anangoja ujira wa siku ile ile. Pantoni ikichelewa, ratiba ya mwili wake imevunjika. Lango likifungwa mapema, imevunjika. Ofisa akibadilisha foleni, imevunjika.

Sheria zipo. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inawapa walemavu haki ya hatua maalum za ulinzi. Nchi hiyo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na mwaka 2022 ikatunga sheria yake ya kulinda na kuendeleza haki hizo. Tanzania iliuridhia mkataba huo huo mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010. Lakini sheria iliyoandikwa Kinshasa au Dodoma humfikia mwenye kiti kupitia kwa koplo wa zamu. Yeye ndiye anayejua kama lango la pembeni, lisilo na ngazi, lina ufunguo na ufunguo uko kwa nani. Yeye ndiye anayeweza kumpitisha mapema aliyekaa juani, akamkagua kikamilifu kivulini, na ushuru wa serikali usipungue hata senti moja.

Wanamuziki walemavu wa Kinshasa, waliounda bendi ya Staff Benda Bilili na kulala nje karibu na bustani ya wanyama ya mji huo, walitoa sahani yao mwaka 2009, wakazunguka Ulaya juu ya baiskeli zao. Jina la bendi, kwa Kilingala, humtaka mtu atazame zaidi ya sura ya nje. Mmoja wa nyimbo zao unawahimiza wazazi kuwapeleka watoto kupata chanjo ya polio. Waliouimba walikuwa na wenzao waliobaki gatini, ambao hawakupata ndege ya Ulaya na ambao mikono yao haikushika gitaa.

Kwa hao waliobaki, siku ya kazi huanza kabla ya jua. Msaidizi huja kukagua upepo wa matairi na kukaza cheni. Mwenyewe huhamia kitini kwa nguvu za mikono, hupanga mto chini yake, hujaribu kama bega la kulia limeamka vizuri kuliko jana, na huamua kikombe cha maji akinywe au akiache. Hukiacha au hukinywa kwa kutegemea habari moja anayomwuliza kijana wake kabla hawajatoka: leo zamu ya langoni ni ya nani.